Arobaini ya mzazi, ya marehemu na ya mwizi

Bila shaka, mpenzi msomaji, umewahi kuisikia methali isemayo kwamba siku za mwizi ni arobaini. Huenda umeitumia wewe mwenyewe siku ile jirani aliyekuwa akikuchotea makaa alfajiri aliponaswa na kikaratasi chake mkononi. Lakini je, umewahi kujiuliza ni kwa nini ziwe arobaini? Mbona si thelathini, ambazo zingetimiza mwezi? Mbona si hamsini, au mia kamili, ili mwizi naye ale kidogo kabla ya kushikwa?

Swali hili lilinijia zamani, na wala si kwa sababu ya mwizi. Lilinijia kwa sababu ya mlango wa jikoni.

Mwaka wa 1996 tulikuwa tukiishi Umoja, hapa Nairobi, katika vyumba viwili. Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mama yangu alipanda basi la usiku kutoka Mombasa. Alibisha hodi alfajiri akiwa na kikapu kilichojaa pilipili manga, tangawizi, samli na khanga tatu mpya. Kabla hata ya kunywa chai aliokota kipande cha kaa, akaenda nyuma ya mlango wa jikoni, akachora mistari minne.

"Mzazi ana siku nne," akasema. "Zimebaki thelathini na sita. Mpaka ziishe hatoki nje, hafui, hashiki jembe."

Mzazi, kwa lugha ya kwetu pwani, ni mwanamke aliyejifungua karibuni. Ama kuhusu jembe, sikuwa na wasiwasi, kwani hatukuwa nalo. Lakini kufua nguo za mtoto kulinihusu mimi mwenyewe, nikaona heri nijitetee mapema.

"Mama, hapa ni Nairobi," nikamwambia.

"Kwani Nairobi wanazaa vingine, mwanangu?"

Nikanyamaza. Nikafua. Na kila asubuhi mstari mmoja ukaongezeka mlangoni.

Hesabu hiyo, msomaji, mama hakuibuni. Hata waliomfunza hawakuibuni. Ni mojawapo ya hesabu kongwe zaidi duniani, na ukianza kuifuata utajikuta umezunguka nchi nyingi kabla ya kurudi nyumbani.

Tuanze na neno lenyewe. Arobaini, au arubaini kama wasemavyo wengine, tulilipata kutoka kwa Waarabu, pamoja na ishirini, thelathini na wenzake. Mswahili wa kale alikuwa na namba zake. Kwa mfano, sita iliitwa tandatu, tisa ikaitwa kenda, na saba ikaitwa mfungate. Hilo la mwisho halijafa. Waliooana wakienda fungate, wanakwenda kukaa siku saba, hata kama siku hizi hoteli inawatoza usiku mbili tu. Nasi arobaini ilitujia ikiwa imekwisha kubeba mzigo wake wa maana, kama jahazi litiavyo nanga likiwa na shehena.

Shehena hiyo ni nzito hasa katika vitabu vya dini. Mvua ya Nuhu ilinyesha siku arobaini mchana na usiku. Musa alikaa mlimani Sinai siku arobaini, na Kurani nayo inataja miadi yake ya siku arobaini. Eliya alitembea siku arobaini hadi Horebu. Watu wa Ninawi walipewa na Yona siku arobaini za kujirekebisha. Yesu alifunga siku arobaini jangwani, na baada ya kufufuka akaonekana na wanafunzi wake kwa siku arobaini kabla ya kupaa. Kwaresma ya Wakristo inafuata hesabu hiyo hiyo, Jumapili zikiachwa nje. Mtume Muhammad naye, kwa mapokeo ya Waislamu, alikuwa na umri wa miaka arobaini aliposhukiwa na wahyi mnamo mwaka wa 610, na Kurani inautaja umri huo kuwa ndio wakati mtu anapofikia ukomavu wake.

Tazama vizuri mambo hayo yote. Hakuna hata moja kati yake ambapo arobaini ni mwisho wenyewe. Kila mahali ni muda wa kungoja kati ya hali moja na nyingine. Anayeingia ndani yake si yule anayetoka. Aliyepanda mlimani bila kitu anashuka na sheria. Dunia iliyoingia mvuani imechafuka, inatoka imeoshwa.

Kisa kinachoonyesha jambo hili waziwazi zaidi ni kile cha wapelelezi katika kitabu cha Hesabu. Wana wa Israeli walituma watu kuipeleleza nchi ya Kanaani kwa siku arobaini. Waliporudi, wengi wao wakawatia watu hofu, kaumu ikakataa kwenda. Hukumu ikawa mwaka mmoja kwa kila siku, yaani miaka arobaini ya kutangatanga. Kwa nini ikawa mingi hivyo? Kwa sababu huo ndio muda wa kizazi kizima kumalizika. Watu wazima waliotoka Misri wakiwa na mawazo ya kitumwa walizikwa jangwani wote, isipokuwa Kalebu na Yoshua. Walioingia walikuwa watoto wao.

Ndiyo maana wanaochunguza maandiko hayo hawashtuki wakisoma kwamba Daudi alitawala miaka arobaini, Sulemani arobaini, na Sauli naye arobaini, au kwamba katika kitabu cha Waamuzi nchi "ilistarehe" miaka arobaini tena na tena. Wengi wao wanasema mwandishi hakuwa karani wa benki. Alikuwa akikuambia kwamba muda huo ulitosha, kizazi kikapita.

KILIMIA KINAPOZAMA

Lakini kwa nini iwe arobaini hasa? Hakuna jibu moja lililokubaliwa na wote. Lipo moja, hata hivyo, ambalo mimi linanipendeza kuliko mengine, kwa sababu unaweza kulitazama ukiwa juu ya paa la nyumba yenu, umeme ukipotea.

Kuna kishada cha nyota ndogo ndogo ambacho Waswahili wanakiita Kilimia, jina linalotokana na kulima. Mabaharia na wakulima wa pwani walikijua sana, wakaacha na msemo kwamba kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kila mwaka jua hupita karibu na kishada hicho mwezi wa Mei, wakati wa masika, nacho hakionekani tena usiku wala alfajiri kwa wiki kadhaa. Mshairi Hesiod wa Ugiriki, aliyeishi yapata miaka 2,700 iliyopita, aliwaeleza wakulima wenzake kwamba nyota hizo hujificha siku arobaini, usiku na mchana, kisha huzuka wakati wa kunoa mundu.

Si kwamba nasema mama yangu alihesabu nyota. Ninachosema ni kwamba watu wa kale, ambao hawakuwa na kalenda ya ukutani, waliona mbinguni kitu kikipotea na kurudi, na kati ya kupotea na kurudi kulikuwa na siku kama arobaini za hali mbaya ya hewa. Huko Babeli, Ea, mungu wao wa maji, aliandikwa kwa namba arobaini. Ajabu ni kwamba gharika ya Wababeli wenyewe, ile inayosimuliwa katika utenzi wa Gilgamesh, ilidumu siku sita na usiku saba tu. Waebrania walipoisimulia yao wakaipa arobaini. Sidhani walikosea hesabu. Kwa msikilizaji wao, wiki moja ilikuwa mvua. Arobaini ilikuwa ni dunia kuzaliwa upya.

Namba inapofikia heshima kama hiyo, watu hawaihesabu tena kwa vidole. Nenda Isfahan, nchini Irani, uone jumba la Chehel Sotoun lililokamilika mwaka wa 1647 enzi ya Shah Abbas wa Pili. Jina lake maana yake ni nguzo arobaini. Ukizihesabu nguzo za baraza yake utapata ishirini. Usiite askari. Geuka utazame kidimbwi kirefu kilicho mbele yake, utaziona ishirini nyingine zikielea majini kichwa chini.

Hata wanazuoni hawabanani sana. Imamu Nawawi wa Syria, aliyefariki mwaka wa 1277, alikusanya hadithi za Mtume katika kitabu kidogo kinachosomwa hadi leo katika madrasa za Lamu, Mombasa na Eastleigh. Kinaitwa Arobaini. Wanafunzi wanaokihifadhi wanajua kwamba hadithi zilizomo ni 42.

Na wale wezi wa Ali Baba je? Wengi wetu tulikutana nao utotoni, katika masimulizi ya Alfu Lela Ulela, tukahesabu mitungi pamoja na yule kijakazi hodari. Kisa hicho hakimo katika maandishi ya kale ya Kiarabu ya kitabu chenyewe. Mfaransa Antoine Galland alisimuliwa mnamo mwaka wa 1709 na Msyria kutoka Aleppo aitwaye Hanna Diyab, kikachapishwa 1717. Wezi wakawa arobaini kwa sababu masikioni mwa Msyria huyo arobaini ilimaanisha genge lililotimia, lisilopungukiwa na mtu. Nadhani mwizi wa methali yetu yuko katika hali hiyo hiyo. Hatuambiwi kwamba polisi watamjia siku ya 40 saa mbili asubuhi. Tunaambiwa kwamba muda wake una ukingo, na ukingo huo utafikiwa.

NAMBA ILIYOGEUKA SHERIA

Mara nyingine, hata hivyo, ishara huacha kuwa ishara ikawa amri ya serikali. Karne ya 14, tauni ilipokuwa ikiwamaliza watu wa Ulaya, mji wa bandari wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik nchini Croatia, ulitoa amri mwaka wa 1377 kwamba wanaotoka sehemu zenye ugonjwa wakae kando kwanza kwa siku thelathini. Baadaye muda huo ukawa siku arobaini, na Venice, jiji la wafanyabiashara, likaushika. Mwaka wa 1423 likafungua hospitali ya tauni katika kisiwa cha pekee. Kwa lugha yao arobaini ni quaranta. Kutoka hapo tukapata neno karantini.

Naam, karantini ni arobaini iliyovaa suti. Wakati ule hakuna daktari aliyejua tauni inaletwa na kijidudu gani. Walichagua arobaini kwa kuwa ndiyo namba waliyoiamini kanisani, muda wa kujitakasa, na bahati nzuri ulikuwa muda mrefu wa kutosha mgonjwa apone au afe. Tulipoingia karantini sisi, baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini Machi 13, 2020, muda ulikuwa siku 14, uliopimwa na wanasayansi. Jina la arobaini lilibaki, arobaini zenyewe zikapunguzwa.

Kwa wafu hazijapunguzwa. Kitabu cha Mwanzo kinasema Wamisri walichukua siku arobaini kuupaka dawa mwili wa Yakobo usioze. Waorthodoksi wa Urusi humkumbuka marehemu siku ya tisa na siku ya arobaini. Mamilioni ya Mashia huenda Karbala, Iraki, wengi wao kwa miguu, siku ya arobaini baada ya kumbukumbu ya kuuawa kwa Imamu Hussein mwaka wa 680. Pwani yetu ziko familia zinazosoma hitima siku ya tatu, ya saba na ya arobaini, na wapo masheikh wanaozipinga wakisema hazina msingi katika dini. Ugomvi huo siuingilii. Ila nimehudhuria arobaini kadhaa, na nimeona jambo moja. Siku ya mazishi mfiwa hasikii anachoambiwa. Siku ya arobaini, jamaa wakishatawanyika na simu zimeacha kulia, mtu akija kuketi naye humsikia.

Sasa turudi kwa mzazi, maana huko ndiko arobaini inakogusa uhai wa mtu.

Sheria ya Musa, katika Mambo ya Walawi, ilimpa mwanamke aliyezaa mvulana siku saba na nyingine 33, jumla yake arobaini. Aliyezaa msichana alipewa mara mbili. Jirani zetu wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia bado hubatiza mvulana siku ya arobaini na msichana siku ya themanini. Katika Uislamu muda wa nifasi umejadiliwa sana. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi pwani, yanasema kwa kawaida ni siku arobaini, na ukizidi sana ni sitini. Katika muda huo mwanamke hafungi wala haswali. Wengine huyatazama mambo haya wakaona kudunishwa kwa mwanamke tu, eti ni najisi. Siwezi kusema wamekosea kabisa. Lakini mama yangu hakutamka neno najisi hata siku moja. Yeye alikuwa akimkanda mke wangu kwa maji ya moto, akimpikia uji wa pilipili manga, akimfunga tumbo kwa khanga, na kumfukuzia wageni wanaotaka kupikiwa chai.

Usiku wa siku ya kumi mke wangu alishikwa na homa. Mwanzoni tulidhani ni malaria. Alikuwa akitetemeka, akilalamika kwamba tumbo la chini linamuuma. Alikataa katakata kwenda hospitali. "Mama amesema nisitoke," akaniambia, na nilijua kwamba nusu anatania na nusu anamaanisha, kwa kuwa hakutaka kumvunjia heshima mama mkwe.

Mama alimgusa paji la uso, akanusa nguo zake, akasimama. Hakumaliza hata kufunga kilemba. Yule yule aliyeulinda mlango kwa siku sita mfululizo ndiye aliyeufungua, akatoka nje usiku wa manane kumwamsha jirani mwenye gari. "Mama, na arobaini je?" akauliza mke wangu. "Arobaini ya nini, na wewe unakwenda?" akajibu.

Hospitalini tulielezwa kwamba ni uambukizo katika nyumba ya uzazi. Alitundikiwa dawa, akalala wodini usiku mbili. Muuguzi mmoja mtu mzima alinivuta kando akaniambia kwamba wengi huletwa siku mbili tatu baadaye, maana nyumbani wanasubiri homa ishuke yenyewe.

Miaka mingi baadaye nilisoma jinsi Shirika la Afya Duniani linavyohesabu vifo vya uzazi. Kwao ni kifo cha mwanamke kinachotokana na ujauzito au uzazi, akiwa mja mzito au ndani ya siku 42 baada ya ujauzito kumalizika. Siku 42 ni wiki sita. Ndio muda ambao nyumba ya uzazi huchukua kurudi katika ukubwa wake wa kawaida, hivi au hivi. Hakuna aliyekwenda kumuuliza Musa wala wakunga wa Mji wa Kale, lakini wataalamu na akina nyanya wamefika karibu mlango mmoja.

Kwa hiyo, msomaji, kama nyumbani kwako kuna mzazi, hesabu yoyote utakayochora, yajue haya. Saa 24 za kwanza ndizo za hatari kuliko zote, kwa sababu ya kutokwa na damu. Baada ya hapo, homa, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu makali ya kichwa pamoja na macho kuona kiza, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au damu inayorudi kwa wingi, si mambo ya kungoja arobaini iishe. Wala siku ya 41 si ngao. Na wiki ya sita mtoto anatakiwa kliniki kwa chanjo, mama naye akapimwe, jambo ambalo wengi hulisahau wakidhani kliniki ni ya mtoto peke yake.

Linalonisumbua ni jingine. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa malipo kamili. Hiyo ni arobaini mbili na ushei. Lakini mama anayeuza sukuma wiki kando ya barabara, au anayefulia watu nguo mlango hadi mlango, mwajiri wake ni nani? Pale Umoja tulikuwa na jirani wa namna hiyo. Siku ya tisa alikuwa amerudi kwenye kibanda chake, mtoto amelala ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia. Mama yangu alipomwona alimpelekea uji katika chupa ya chai, akafanya hivyo kila asubuhi. Hakumkemea kwa kutoka nje.

Siku ya kumtoa mtoto wetu ilipofika, mke wangu alivaa khanga mpya, mama akambeba mjukuu wake hadi uani kumwonyesha jua. Akina mama wa ploti walikuja na vigelegele. Mimi, na elimu yangu, nikachukua kalenda.

"Mama, umepitisha," nikamwambia. "Leo ni ya arobaini na mbili."

Akanipeleka nyuma ya mlango tuhesabu pamoja. Mistari ilikuwa arobaini, haikuzidi hata mmoja.

"Zile mbili za hospitali alikuwa mgonjwa, hakuwa mzazi," akasema. "Sikuzichora."

Tulihama Umoja mwaka wa 1999, na mlango tukauacha vile vile na makaa yake. Aliyeingia baada yetu huenda alidhani kuna mtu alikuwa akidaiwa maziwa.